Maksi za wiski: achana na pua ya mwenzako

Daftari langu la kwanza la wiski bado ninalo, ila simwonyeshi mtu. Ukurasa wa nne, kwa mwandiko wa mtu anayejiamini, nimeandika: "Maua ya heather, keki ya Krismasi, tofi. Maksi 91." Nilikuwa na miezi minne tu Glasgow. Heather, kimti cha maua cha vilima vya huku, sikuwahi kuinusa maishani mwangu, na keki ya Krismasi ya huku nilikuwa sijaionja. Maneno yale niliyanakili kwenye boksi la chupa. Hiyo 91 nayo ilitoka kwa mchambuzi mmoja wa mtandaoni aliyetoa 93. Nikapunguza mbili ili nisionekane nimegezea.

Sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Uskoti. Ndugu na marafiki wanaokuja kutembea, au wanaomwagiza mtu chupa ya single malt uwanja wa ndege, huniuliza swali lile lile: "Kaka, nichukue ipi?" Sina jibu, maana ulimi utakaoinywa si wangu. Ninachoweza ni kukuonyesha namna ya kuonja na kutoa maksi ambazo ukizisoma baada ya mwezi hutajicheka.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapotea. Hiyo "single" haina maana ya pipa moja. Maana yake ni kiwanda kimoja: wiski yote iliyomo kwenye chupa imetoka kiwanda hicho, imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, na imepikwa kwenye mitungi ya shaba. Mapipa yaliyochanganywa yanaweza kuwa hata mia. Na namba ya umri kwenye lebo, tuseme miaka 12, ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo humo.

Kimea mimi sikufundishwa na Waskoti. Bibi yangu wa Kibosho amepika mbege maisha yake yote. Analoweka ulezi, anaufunika mpaka uchipue, anauanika, anausaga, kisha unga wake anaupika uji tunaouita mso, ndio anaochanganya na ndizi zilizochacha. Huku shayiri inapitia njia hiyo hiyo: inalowekwa, inachipua, inakaushwa, inasagwa, inatiwa maji ya moto, na ikipoa inatiwa hamira. Baada ya siku mbili tatu unapata kitu kama bia nyepesi. Kinachemshwa kwenye mitungi ya shaba, mvuke unapozwa, kwa kawaida mara mbili, na aliyewahi kuona gongo ikipikwa hana cha kushangaa. Tofauti inakuja kwenye pipa. Sheria inataka pombe hiyo ilale kwenye pipa la mwaloni, hapa hapa Uskoti, si chini ya miaka 3, na ifungwe kwenye chupa ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kila mwaka kama asilimia 2 inayeyuka na kwenda zake. Wanaiita fungu la malaika.

Nimekaa sana kwenye pipa kwa sababu sehemu kubwa ya ladha utakayoipa maksi imetoka humo. Mapipa mengi yalihifadhi kwanza bourbon, wiski ya Marekani. Hayo huingiza vanila na nazi. Ndiyo, nazi. Mwaloni wa Marekani una laktoni, kemikali zenye harufu hiyo hiyo, kwa hiyo ukinusa ukakumbuka kashata usidhani umekosea. Mapipa yaliyohifadhi sheri, ule mvinyo wa Hispania, yanakupa zabibu kavu, tende, wakati mwingine karafuu. Na karafuu hiyo si ya kuwaza tu: eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, imo pia kwenye mti wa mwaloni. Hata ndizi mbivu unayoisikia kwenye wiski changa ni halali. Hamira ikifanya kazi hutoa kemikali ile ile inayonukia kwenye mkungu wa kisukari.

Siku nilipoyajua haya niliacha kunakili maboksi. Miaka yote nilikuwa naandika "keki ya Krismasi" wakati pua yangu inaniambia halwa. Nilikuwa naandika "tofi" wakati ninachokisikia ni sukari guru ikianza kuungua sufuriani. Maksi ulizozijenga juu ya maneno ya kuazima hazina pa kusimama. Ukirudi kwenye chupa ile ile hutakumbuka ulipenda nini.

Mfano mzuri ni moshi. (Mimi ni mtu wa Moshi, kwa hiyo kwenye hili nina haki zaidi yenu.) Kisiwani Islay, magharibi mwa Uskoti, viwanda vingi hukausha kimea kwa moshi wa piti, udongo mweusi wa kinamasi uliojaa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, unaokatwa vipande kama matofali na kuanikwa. Ukitoka bandari ya Port Ellen kwa miguu unapita Laphroaig, halafu Lagavulin, halafu Ardbeg, vyote vitatu pembeni ya njia moja inayofuata bahari. Laphroaig ya miaka 10 ndiyo chupa iliyonitia adabu. Vitabu vinasema "dawa, mwani, iodini". Nilipofunga macho nikanusa bila kusoma kitu, nilichokiona ni wodi ya hospitali iliyotoka kupigwa deki kwa Dettol, na dirishani nje kuna mama anabanika samaki. Funda la kwanza ni tamu, watu wengi hawategemei utamu ule. La pili linaleta majivu. Dakika kumi baada ya kumeza, ukipumua kwa pua, bado jiko liko humo ndani. Niliandika hivyo hivyo, na mpaka leo nikisoma mistari ile naisikia.

Kichupa cha mililita 50 cha wiski hiyo hiyo nilimpelekea bibi. Akamimina tone kwenye kiganja, akasugua, akanusa, akanitazama kama mtu aliyeletewa kesi. "Nani aliunguza kimea?" Katika maelezo yote ya wiski za Islay niliyowahi kuyasoma, hayo ndiyo mafupi na ndiyo sahihi kuliko yote. Hakuonja.

Sasa vitendea kazi. Bilauri pana ya kawaida inatawanya harufu. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo uliobana. Glencairn, iliyoingia sokoni mwaka 2001, ndiyo utaikuta kila kiwanda, ila glasi ndogo ya mvinyo inafaa kabisa. Mimi napima mililita 20 kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa. Mke wangu hucheka, wageni hushtuka, lakini kila glasi inakuwa sawa na mwenzake, na bila hilo unalinganisha nini?

Usinuse kama unanusa ua. Kilevi cha asilimia 46 kitakuchoma pua na kuizima kwa muda. Weka glasi chini ya kidevu, acha mdomo wazi kidogo, ipandishe polepole. Funda la kwanza usilihesabu kabisa, hilo ni la kuuamsha ulimi. La pili lizungushe mdomoni kama unasukutua, meza au tema, kisha tulia uone kinachobaki. Chai ya tangawizi na pilipili ziache mpaka umalize, na manukato pia. Niliwahi kuisifia wiski moja kwa harufu ya udi, kumbe ni kanzu ya rafiki yangu aliyetoka harusini.

Maji je? Tia, tena bila aibu, ila baada ya kuonja kavu. Kijiko cha chai, au matone machache tu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Karlsson na Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikipunguzwa kwa maji, molekuli za gwayakoli, moja ya zile zinazobeba harufu ya moshi, hukusanyika zaidi juu, karibu na pua yako. Wazee wa baa za hapa walikuwa wanatia maji zamani sana kabla ya kompyuta. Barafu inaua harufu. Iweke kwa ajili ya siku unayokunywa, si siku unayoonja.

Hapo nilidhani nimeshakuwa fundi. Jumamosi moja tukawa wanne kwangu, nikamwambia rafiki yangu wa Bukoba amimine glasi nne jikoni bila sisi kuona, namba zikae chini ya glasi. Tukaonja, tukaandika, tukabishana. Yeye mwenyewe, aliyeacha mtu mwingine azichanganye glasi ili naye asijue, akasema namba tatu inanukia senene waliokaangwa na kitunguu. Tukamcheka. Nikanusa tena, na kweli, ule ukavu wenye mafuta na chumvi ulikuwepo. Nikaacha kucheka.

Kisha tukafunua. Glasi ya pili na ya nne zilikuwa Bunnahabhain ya miaka 12, chupa ile ile moja, iliyomiminwa kwa kupishana dakika. Namba mbili nilikuwa nimeipa 79, "imelala, haina mwili". Namba nne nimeipa 88, "karanga, tende, nzuri sana". Kilichotokea? Glasi ya kwanza ilikuwa Laphroaig. Moshi ulikuwa bado umetanda mdomoni nilipoichukua ya pili, na masikini ikaonekana maji. Kwa hiyo: nyepesi kwanza, za sheri zifuate, za moshi mwisho kabisa, na glasi zisizidi nne kwa usiku. Na maksi za kuonja mara moja ziandike kwa penseli. Sasa hivi sitoi maksi za wino mpaka nimeonja mara tatu, siku tofauti, na mara moja kati ya hizo bila kujua ni chupa ipi.

Kuhusu mfumo wenyewe, nilianza kama wengi: harufu 25, ladha 25, kinachobaki kooni 25, uwiano 25, jumla 100. Ni mzuri kwa macho. Lakini pitia daftari lako utakuta kila kitu kiko kati ya 80 na 90, kwa sababu hakuna anayethubutu kuipa 40 kitu alichokilipia paundi hamsini. Kilichonisaidia ni chupa ya kupimia. Nilichagua Glenfiddich ya miaka 12, kwa kuwa inapatikana karibu kila mahali na haina ubishi, nikaipa 80. Kila ninachoonja nakiuliza kimeizidi hiyo au hakijaizidi, na kwa kiasi gani. Ulimi ukiwa na mafua nitajua, maana hata Glenfiddich itakuwa mbaya siku hiyo. Basi nafunga daftari, nakunywa chai.

Rangi usiipe hata nusu maksi. Sheria inaruhusu rangi ya karameli, na wiski nyingi nyeusi za kuvutia zimepakwa wanja. Ukikutana na chupa iliyoandaliwa kwa soko la Ujerumani soma nyuma yake, kule wanalazimika kuandika. Bei nayo iweke safu yake ya pembeni. Mimi nina safu yenye swali moja: ningeinunua tena kwa hela yangu? Kuna wiski nimeipa 87 na safu hiyo inasema "hapana".

Kuhusu kiasi nitasema mara moja tu. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 40 ina yuniti 28 za pombe (yuniti moja ni mililita 10 za kilevi halisi), na ushauri wa serikali ya Uingereza ni zisizidi 14 kwa wiki. Glasi zangu nne za mililita 20 zinazidi kidogo yuniti tatu, na hapo ndipo mwisho wangu, maana baada ya hapo kila kitu kinapata 90. Ukija kutembelea viwanda, usiendeshe. Tangu Desemba 2014 kiwango cha kilevi kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, wakati England ni 80. Viwanda vingi vinamfungia dereva vichupa vyake akaonje nyumbani, mwombe tu mhudumu.

Na ile chupa ya "maksi 91"? Ninayo bado, imesimama kabatini wima kama inavyotakiwa, maana ikilazwa kilevi kinakula kizibo. Mara ya pili niliipa 76, nikakasirika. Mwaka jana, bila kujua ni yenyewe, nikaipa 83 na kuandika "sukari guru, ngozi ya kiatu kipya, ubani kwa mbali". Imebaki robo. Nasubiri mafua haya yaishe niionje tena.