Vidonge nilimeza, damu ikagoma kupanda: kumbe ni chai

Mimba yangu ya pili nilianza kliniki nikiwa na wiki 18. Nesi alinichoma kidole, akapima wingi wa damu, akanitazama usoni, kisha akavuta chini kope la jicho langu. Damu ilikuwa 8.2. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa nahema hata nikitandika kitanda, na kwa nini pochi yangu haikukosa udongo.

Ndiyo, udongo. Vile vijiti vya kahawia vinavyouzwa sokoni pembeni ya ndimu na tangawizi. Aliyewahi kuutamani anajua: harufu ya mvua ya kwanza kwenye vumbi, unavunja kipande, kinalainika ulimini, mate yanajaa. Nilikuwa namaliza vijiti vitano kwa siku, kwa kujificha. Sikujua kwamba hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na kwamba udongo wenyewe hukamata chuma tumboni kisifyonzwe. Mbali na hapo unaweza kukuletea mayai ya minyoo, hata madini ya risasi.

Nikapewa vidonge vya FEFO, vile vya chuma na foliki asidi, kimoja kila siku. Sikukosa hata siku moja. Mwezi ulipopita nikapima tena: 8.4. Nikasema vidonge havina nguvu. Nesi mwingine, mama mtu mzima, hakubishana na mimi.

"Mdogo wangu, unavimeza na nini?"

"Na chai ya asubuhi, dada."

"Na chai nyingine unakunywa saa ngapi?"

Nikahesabu. Asubuhi na maandazi, saa nne kazini, mchana nikishamaliza wali maharage, jioni tena. Zote za rangi, zimekolea.

Kwenye majani ya chai kuna tanini. Ndiyo inayoacha ule ukakasi mdomoni na ile rangi isiyotoka kwenye kikombe. Tumboni, tanini hushikana na chuma, hasa chuma cha vyakula vya mimea kama maharage na mboga za majani, nacho kinatoka kama kilivyoingia. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nilikuwa nameza dawa na kuizuia kwa mkono uleule.

Nawasihi dada zangu msilichukulie jambo hili kirahisi. Chuma ndicho kinachotengeneza himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu. Ukiwa mjamzito damu inaongezeka sana ili kumlisha mtoto, na chuma kinahitajika kwa wingi. Mwenye damu 8 akivuja damu wakati wa kujifungua hana akiba, na wanawake wanapoteza maisha kwa sababu hiyo.

Chai sikuiacha, niliihamisha. Nikawa nainywa peke yake, saa moja au mbili mbali na chakula. FEFO nikaipeleka usiku, kwa maji na chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Maharage na matembele nikayakamulia ndimu sahanini, siyo sufuriani, kwa sababu moto huharibu vitamini hiyo. Maziwa nikayatenga pia na saa ya kidonge, kwa kuwa madini ya kalsiamu yaliyomo hushindana na chuma. Nyama na dagaa zilisaidia, kwani chuma chake hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Maini ni mazuri kwa damu, lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo mjamzito aulize kliniki kabla ya kuyala. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma hicho. Kikiwa kigumu, ongeza maji na papai.

Ushauri wa mtaani wa kunywa soda nyekundu ili kuongeza damu mimi siukubali kabisa. Rangi nyekundu siyo damu. Kama umekula vizuri na damu bado iko chini, waombe wakuangalie malaria na minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu taratibu bila wewe kuhisi.

Udongo ndio ulinitesa kuuacha. Kwa wiki mbili nilikuwa napita njia ya mbali nisilione lile genge. Damu ilivyopanda hamu ikakatika yenyewe, nikashangaa. Wiki ya 28 nilikuwa na 10.3, wiki ya 33 ikafika 11.2.

Tangu hapo natazama jiko langu kwa jicho jingine. Chumvi yenye madini joto nimeihamishia kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mvuke, na naitia chakula kikikaribia kuiva, kwa sababu iodini, ndiyo hayo madini joto, hupotea kwa moto na hewa. Iodini ndiyo inayokinga rovu, ule uvimbe wa shingoni, na kusaidia ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kama una mimba na unatafuna udongo, au barafu, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kapime wingi wa damu wiki hii, na uwaambie ukweli kuhusu udongo. Mimi nilificha miezi miwili.