Kusomea mbu badala ya udaktari

Mdogo wangu, unasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mzee anataka uwe daktari, nawe unauliza kama utafiti wa mbu na malaria ni kazi ya maana. Ni ya maana sana, ila ujue unachokiendea. Utakesha vijijini ukitega mitego ya taa, na asubuhi unawahesabu mbu mmoja mmoja na kuwachambua kwa hadubini. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis, mbu wawili waenezao malaria, huwezi kuwatofautisha kwa macho, lazima upime DNA. Na tofauti hiyo ni kubwa: wa kwanza hupenda zaidi damu ya binadamu aliyelala ndani, wa pili huuma hata ng'ombe zizini, kwa hiyo chandarua peke yake hakimmalizi.

Soma zuolojia au afya ya jamii, na takwimu usizikimbie kabisa. Wengi hukwama hapo. Likizo omba kujitolea kwenye taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara, au kituo cha utafiti cha Amani kule Muheza. Mzee mwoneshe kazi za Fredros Okumu, Mkenya aliyejijengea jina la kimataifa kwa utafiti wa mbu akiwa Ifakara.

Ajira nyingi ni za mkataba wa mradi, basi jifunze mapema kuandika maombi ya ufadhili.