Ukienda Kufundisha Korea, Usikimbilie Seoul Kila Ijumaa

Ikikaribia Februari na Agosti, miezi ambayo walimu wapya huingia Korea Kusini, simu yangu haitulii. Wengi wanaonitafuta ni watoto wa kwetu waliokulia Kanada, Marekani au Uingereza, wanataka kujua kazi ya kufundisha Kiingereza inalipaje na maisha yakoje. Malipo utayasoma kwenye mkataba. Maisha ndiyo hayaandikwi popote.

Lakini kwanza tumalizane na suala la pasipoti, maana kuna watu wanaliwa pesa zao. Viza ya mwalimu wa lugha huitwa E-2, na kwa walimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ila niliingia kwa pasipoti ya Kanada. Wakala akikwambia umlipe akutafutie E-2 kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania, muage kwa heshima na ubaki na pesa yako. Njia nyingine zipo, kama masomo au uhadhiri. Chuo Kikuu cha Hankuk kinafundisha hata Kiswahili. Lakini hizo ni viza nyingine na masharti mengine.

Walio wengi wakijaza fomu za EPIK, ile programu ya serikali ya kupeleka walimu wageni kwenye shule za umma, huomba Seoul. Halafu hupangiwa kwingine, wakanuna. Mimi nilipangiwa Daejeon, mji wa katikati ya nchi, na nilikuta wageni wenzangu kadhaa wana mtindo mmoja: Ijumaa jioni begi mgongoni, treni ya Seoul, kurudi Jumapili usiku macho mekundu. Baada ya miezi wanaijua kila kona ya Itaewon, mtaa wa wageni wa Seoul, na hawajui jina la mama muuza mboga aliye chini ya nyumba yao. Hao ndio niliowaona wakichoka mapema na kuhesabu siku za mkataba.

Pesa nayo inakwenda. KTX, treni ya kasi, kutoka Daejeon hadi Seoul ni takriban saa moja na nauli yake inakaribia won 24,000 kwa upande mmoja. Mugunghwa, treni ya zamani inayosimama vituo vingi, ni chini ya nusu ya hiyo na huchukua kama saa mbili. Ongeza malazi na chakula cha Seoul, uzidishe kwa wikendi zote za mwezi, utaona mwenyewe.

Kazi yenyewe haimtishi mtu aliyezoea watoto. Mkataba wa EPIK una vipindi visivyozidi 22 kwa wiki, na shule ya msingi kipindi ni dakika 40. Kiingereza huanza darasa la tatu. Una mwalimu mwenza Mkorea, na uhusiano wako naye ndio utakaoamua mwaka wako utakuwaje, kwa hiyo mnunulie kahawa mara kwa mara na usimpinge mbele ya wanafunzi. Viatu unaviacha mlangoni, ndani mnavaa ndara. Beba zako kama una mguu mkubwa, maana za wageni ni ndogo. Watoto watakuuliza umri wako na kama umeolewa kabla hujamaliza kuandika jina ubaoni. Mimi waliniuliza pia kama chini ya mtandio kuna nywele. Nikawaambia zipo, na mwalimu wenu wa hesabu ndiye asiyekuwa nazo. Tangu siku hiyo tukaelewana, na bahati nzuri mwalimu wa hesabu naye alicheka.

Chakula cha mchana hupikwa shuleni na mnakula pamoja na watoto, kwenye sinia la chuma lenye vishimo: wali, supu, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) kila siku ya Mungu, na vitoweo viwili vitatu. Kama wewe ni Mwislamu au huli nguruwe kwa sababu nyingine yoyote, hili ndilo la kushika. Ratiba ya chakula ya mwezi hutolewa mapema, na kando ya kila chakula kuna tarakimu ndogo za viungo vinavyodhuru wenye mzio. Namba 10 ni nguruwe. Tisa ni kamba, 15 kuku, 16 ng'ombe. Huhitaji kujua Kikorea kusoma namba. Mimi huibandika mezani na kuzungushia kila 10 kwa kalamu nyekundu, siku hizo nabeba mayai ya kuchemsha. Ila ujue tarakimu zinakwambia ni nyama gani, hazikwambii imechinjwaje. Mimi nikabaki na samaki, mayai na mboga, na kwa mtoto wa pwani hiyo si adhabu. Beba na mswaki: wakishakula, walimu hupanga foleni kwenye sinki kupiga meno, mkuu wa shule akiwemo.

Kuhusu swala, muombe mwalimu mwenza chumba cha Kiingereza watoto wakishaondoka. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Kibla usikipime kwa mazoea ya nyumbani. Mombasa tunaelekea kaskazini, huku ni magharibi ikipanda kidogo kaskazini.

Kutakuwa na chakula cha jioni cha wafanyakazi wote, na mara nyingi ni nguruwe wa kuchoma na soju, pombe kali ya Kikorea. Nenda. Usipokwenda utaonekana unajitenga, na ukienda ukanywa soda hakuna atakayekasirika baada ya mara ya kwanza. Mwambie mwenzako mapema, mara nyingi watakuagizia mchuzi wa samaki. Mkubwa akikumiminia, shika gilasi kwa mikono miwili, hata kama ni Sprite.

Nyumbani, mambo ni mawili. Jisajili uhamiaji ndani ya siku 90 upate kadi ya ukaazi, kwa sababu bila hiyo kadi, benki na laini ya simu ya mkataba vitakusumbua. La pili ni taka. Taka za kawaida hutiwa kwenye mifuko maalumu ya wilaya yako inayouzwa dukani, mabaki ya chakula mbali, plastiki mbali, karatasi mbali. Mifupa ya kuku na maganda ya mayai hayahesabiwi kuwa mabaki ya chakula. Jirani yangu ajuza alinifunza hayo kwa kufungua mfuko wangu uani na kuchambua kipande kimoja kimoja huku akinisemesha Kikorea kwa sauti ya juu. Wiki iliyofuata aliniletea kimchi. Jirani wa namna hiyo humpati kama wikendi zako zote uko kwenye treni.

Sasa wikendi. Daejeon watu huiita mji usio na kitu, hata wenyewe husema hivyo. Wana mkate, kwanza: Sungsimdang, duka la mikate lililoanza mwaka 1956, halina tawi nje ya mji huo, na watu hupanda treni kutoka Seoul kuja kupanga foleni. Nenda asubuhi ya siku ya kazi wakati wa likizo ya shule, si Jumamosi.

Ninapopapenda kuliko pote ni mlima Gyejoksan. Kuna njia ya msituni yenye urefu wa kilomita 14.5 iliyomwagwa udongo mwekundu, na watu huitembea pekupeku. Aliyeanzisha hiyo, mwaka 2006, ni mkuu wa kampuni ya pombe ya hapo mjini, na kampuni huongeza udongo ukipungua. Utaona wazee wameshika viatu mkononi, suruali zimekunjwa, wanakanyaga tope kwa furaha kama wanaosubiri wali wa sikukuu. Utotoni tulichapwa kwa kutembea hivyo. Mvua ikishanyesha udongo huteleza sana, kwa hiyo kaa upande wenye nyasi kwenye miteremko. Mabomba ya kuoshea miguu yapo. Beba taulo dogo. Usishangae wamama wa makamo wakikusimamisha, wakakumenyea chungwa dogo au tango na kukutia mkononi bila kuuliza unatoka wapi. Swali hilo huja baadaye, ukiwa na chakula mdomoni.

Gongju ni mwendo mfupi wa basi. Ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Baekje kuanzia mwaka 475 hadi 538, na ngome ya Gongsanseong imeinama juu ya mto Geum. Zunguka ukutani jua likielekea kuzama, kuna mahali njia ina mwinuko mkali na hakuna ukingo, basi vaa viatu vya kushika. Makaburi ya wafalme yako ng'ambo ya mji. La mfalme Muryeong liligunduliwa mwaka 1971 bila kuwa limeguswa na wezi, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ya hapohapo. Nunua kokwa za Gongju za kuchoma (chestnut) ukitoka, hasa Oktoba.

Tamasha la matope la Boryeong, kila Julai, kila mgeni atakwambia uende. Mimi sikuona cha kurudia: umati, muziki, na foleni ya kuoga. Ufuo wa Daecheon wenyewe mwezi wa Septemba ni bora zaidi.

Itaewon usiifute kabisa. Msikiti mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko juu ya kilima chake, na maduka ya chini yake yana nyama halali, unga wa mahindi na viungo vya pilau. Mara moja kwa mwezi inatosha. Nenda Jumamosi asubuhi na mkoba mkubwa, urudi jioni.

Na mlima Gyeryongsan, ambao ni hifadhi ya taifa, fanya hivi: basi la mjini hadi Donghaksa, nyumba ya watawa wa kike wa Kibuddha, upande hadi kilele cha Gwaneumbong chenye mita 766, ushukie upande wa pili kwenye hekalu la Gapsa. Ni siku nzima kwa mtu wa kawaida, maji lita mbili. Upande wa Gapsa mabasi ni haba, hivyo angalia ratiba kwenye Naver Map, ramani ya simu ya Wakorea, kabla hujaanza kupanda, na likikuacha la jioni, watafute wapanda mlima wanaokula chini pale kwenye migahawa. Watakubana kwenye gari lao hadi Daejeon, na njiani watakuuliza umri wako na kama umeolewa.