Pikipiki ya zamani inachakarika asubuhi? Kagua tenshena kabla hujakubali ovahoo

Wakuu, baridi hii ya Juni na Julai huku Mbeya ndo kipindi pikipiki zilizochoka zinajisema zenyewe. Alfajiri pale Uyole vidole vimekufa ganzi, unapiga kiki inawaka, halafu unasikia pembeni ya silinda kitu kinachakarika chakachakachaka kama kopo lenye njugu, ikishapata moto mlio unapungua na wewe unasahau mpaka kesho yake. Ukimpelekea fundi asiye na subira anasikiliza kidogo tu anakwambia injini imekufa, tufanye ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya. Mi nilishaambiwa hivyo na nikabeba pikipiki yangu nikaondoka, maana tatizo lilikuwa tenshena, kidude cha kubana cheni ya taimingi kinachoshikwa na bolti mbili tu.

Ila kwanza ujue injini yako ni ya aina gani. Honda CG125 ile ya zamani na zile za Kichina zilizoigiza injini yake hazina cheni ya taimingi kabisa (ile ya ndani ya injini inayozungusha kamu), kamu, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini na valvu zinasukumwa na rodi, kwa hiyo usihangaike kutafuta tenshena ambayo haipo. Yamaha DT125 nayo inachoma oili pamoja na petroli, haina hata kamu. Naongelea zenye kamu juu kwenye hedi, kama Boxer au Honda XL za zamani kama hii yangu.

Tenshena yenyewe kazi yake ni moja, springi inasukuma kijiti, kijiti kinasukuma gaidi (reli ya plastiki au mpira ambayo cheni inaiegemea), gaidi inabana cheni upande ule unaolegea. Cheni ikirefuka kwa uchovu kijiti kinatoka zaidi na vijino vyake vinakizuia kisirudi. Sasa vijino vikilika au springi ikichoka kijiti kinarudi ndani, cheni inapwaya na kuanza kuchapa.

Mlio wake unausikia zaidi ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kuvuta mafuta, na pale unapoachia mafuta ukiwa mwendoni. Mi napimia mteremko wa kutoka Isyonje kushuka Tukuyu, naachia mafuta nikiwa gia ya tatu, injini inashikilia, hapo kama cheni inapwaya utaisikia tu, ukivuta mafuta tena inanyamaza. Tapeti, zile zinazobonyeza valvu, haziko hivyo, zenyewe zinapiga tik tik tik kwa mpangilio, hazijali sana umevuta au umeachia. Pistoni iliyopwaya inatoa mlio mzito na inalalamika zaidi ukipanda mlima. Ukibana klachi mlio ukabadilika basi kaangalie huko kwenye klachi. Na chukua bisibisi ndefu, ncha iguse silinda upande cheni ya taimingi inapopita, mara nyingi ni ule wa magneto, mpini uweke sikioni, halafu ihamishie kwenye kava la tapeti ulinganishe, utashangaa inavyosema ukweli.

Kuifungua sasa. Injini iwe ya baridi, zungusha magneto mpaka alama ya T ikae sawa na pistoni iwe juu kwenye kompresheni, sio ile T ya kutoa moshi. Tenshena nyingi ziko nyuma ya silinda, chini ya kabureta. Legeza kwanza bolti ya katikati taratibu kwa sababu kwa baadhi springi iko nyuma yake na inaruka, kisha zile mbili. Ikitoka, bonyeza kijiti kwa dole gumba kwa nguvu zako zote. Kikirudi ndani, umepata mgonjwa. Kisiporudi lakini ulikikuta kimetoka karibu chote, basi cheni imerefuka au gaidi imelika, na tenshena mpya peke yake haitakusaidia kitu. Mwaga oili pia uangalie, ukikuta vipande vyeusi vya plastiki au mpira ujue gaidi inaliwa.

Na tafadhali, tenshena ikiwa nje mtu yeyote asiguse kiki wala stata! Cheni ikiruka jino taimingi imepotea, na ikiruka meno ya kutosha valvu inakutana na pistoni, hapo ndo utafanya hiyo ovahoo kweli. Ukirudisha, kijiti kiwe kimeingia ndani, kaza bolti na gasketi yake, ndo ukiachie, halafu zungusha injini kwa spana raundi mbili taratibu uone alama ya T na ya sproketi ya kamu zinakaa pamoja.

Kwenye XL nyingi za zamani ni rahisi zaidi, unalegeza nati, springi inajisogeza yenyewe, unakaza. Kuna mafundi wanaong'oa springi na kuweka bolti ndefu ili wabane kwa mkono, mlio unaisha siku hiyohiyo kweli, ila wakibana sana cheni inavuma na gaidi inaisha mapema.

Ukienda dukani Mwanjelwa nenda na ile ya zamani mkononi, linganisha urefu na matundu, na ibonyeze ile mpya hapohapo mbele ya muuzaji, kuna zinazorudi ndani zikiwa bado kwenye boksi.