Kikundi cha mwaloni kijiandaeje na ziwa kujaa?

Mkuu, umeuliza kikundi chenu cha wafanyabiashara wadogo wa mwaloni, yaani pale mitumbwi inapotia nanga kando ya Ziwa Tanganyika, kianzishe vipi mfuko wa mafuriko. Mimi nauza dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma, nitakujibu kwa tunavyofanya sisi.

Kwanza jueni mnapambana na nini. Tanganyika si mto, kwamba unafurika usiku na asubuhi umesharudi. Inapokea mito mingi, Malagarasi ukiwemo, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Likishajaa linakaa. Mwaka 2024 waliosema "wiki ijayo yatashuka" walisubiri sana. Kwa hiyo viroba vya mchanga wekeni, ila swali kubwa ni utauzia wapi miezi yote hiyo, na kwa mtaji gani.

Sasa tazama kalenda. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa huvunja sanduku, yaani hugawana akiba, Desemba, watu wapate hela ya sikukuu na ada ya Januari. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, na ziwa hufika juu kabisa mwishoni mwa mvua. Yaani maji yanapoingia bandani, sanduku ndiyo kwanza lina hisa za miezi michache! Sisi tukahamishia mgawo Juni. Kelele zilikuwepo, hasa kwa kina mama wenye watoto sekondari, mpaka tulipokubaliana kwamba Januari ada inakopwa kwa riba ndogo. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, haugawanywi kabisa, unavuka mwaka.

Jambo jingine, aliyeharibikiwa hatumpi hela taslimu. Tunampa mzigo. Kama anauza unga, anachukua gunia kwa mwanakikundi mwenzake na kikundi kinamlipa mwenye gunia. Hela ileile imewashika wawili, na haiishii kwenye mambo mengine ya nyumbani (tunajuana).

Stoo nayo msingoje mvua. Wenzetu wenye vyumba huko juu, Mwanga, tumeandikiana nao mapema: nani anahifadhi nini, kwa shilingi ngapi. Maji yakishafika, kodi ya chumba inapanda kuliko ziwa.

Halafu msitegemee bidhaa moja. Mwaka huohuo wa 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wa dagaa tupu waliumia. Wenye madumu ya mawese pembeni walipumua.

Bima siipingi, ila banda la mabati lisilo na karatasi yoyote ni kazi kulikatia. Afadhali msajili kikundi, maana mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haitolewi kwa kikundi kisichosajiliwa.

Na nendeni kwa mtendaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa zishuke mpaka ngazi ya mtaa. Muulizeni ya kwenu ina kina nani, na kama hakuna mtu wa mwaloni, pelekeni jina kabla ya Novemba.