Uliza Tukujibu: Kiti mwendo kwenye mji wa mawe

Maswali ya safari hii yametoka Mwanza, mji wa mawe, na ng'ambo ya ziwa, na yote yanahusu kiti mwendo.

Swali: Shikamooni. Nyumba yetu iko Mabatini, mlimani. Mlangoni kuna ngazi tatu, kila moja sentimita 17. Baba ametoka hospitali na kiti mwendo. Kutoka ngazini hadi getini ni mita 4. Ukuta wa mbele una mita 9 na mlango uko pembeni kabisa. Fundi anataka kumwaga zege juu ya ngazi, mteremko uishie mita 2 mbele. Anasema inatosha. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Haitoshi, na asimwage kabla hamjapima. Ngazi tatu za sentimita 17 ni kimo cha sentimita 51. Ukikishusha kwa mita 2 unapata mteremko wa 1 kwa 4. Hapo kiti kikisukumwa kupanda, magurudumu madogo ya mbele yanaweza kunyanyuka na mtu akaanguka chali. Akishuka mwenyewe, viganja haviwezi kuzuia rimu. Miteremko ya namna hii imejaa mjini, mingine mbele ya maduka mapya, na kazi yake ni kupigwa picha tu.

Kipimo cha kushika ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Mara 51 ni sentimita 612, yaani mita 6 na ushee. Kuelekea getini haiingii, basi ulazeni mteremko ubavuni mwa ukuta. Mbele ya mlango jengeni jukwaa bapa la mita 1.5 kwa 1.5, usawa mmoja na sakafu ya ndani, ili Baba asimame bila kiti kurudi nyuma wakati anafungua mlango. Mita 1.5 za jukwaa na 6.1 za mteremko ni 7.6. Kwenye ukuta wa mita 9 mnabakiwa na mita 1.4, na kwa kuwa upande wa uani uko wazi, kugeuza kiti hakutasumbua.

Lakini kwa nyumba ya mlimani, kuhesabu ngazi peke yake kunadanganya. Ua wenyewe umeinama. Chukueni mpira wa maji ule wa mafundi, mpime kutoka usawa wa sakafu hadi pale mteremko utakapoishia, si hadi chini ya ngazi. Kama ua unashuka sentimita 20 zaidi kuelekea huko, kimo kimekuwa 71 na urefu unaotakiwa ni mita 8.5. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, zungukeni nyuma na ubavuni. Nyumba nyingi za milimani upande wa juu sakafu inakaribiana na ardhi. Mkikuta sentimita 25 tu, mteremko ni mita 3, na kubomoa dirisha la huko muweke mlango kunaweza kuwa rahisi kuliko kupigana na ngazi za mbele.

Kwa ujenzi, mawe mnayo. Jazeni mawe na kifusi, mshindilie kwa tabaka, juu zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye unene wa sentimita 10. Upana uwe walau mita 1. Pembeni palipo wazi inueni ukingo wa sentimita 7 hivi, gurudumu lisitoke nje. Msipige niru, ile saruji laini ya kulainisha juu: burutieni ufagio mgumu kukatiza mteremko zege likiwa bichi, ili tairi lishike hata mvua ikinyesha. Acheni bomba la kupitisha maji chini yake, maana maji ya mlimani yakikosa njia yatakula kifusi na zege litapasuka katikati. Mwagilieni siku 7. Bomba la kushikia liwe kimo cha sentimita 90.

Swali: Nafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Kiti changu kinavutia kushoto, na breki hazishiki hata nikizikaza. Fundi baiskeli anasema kiti kimekufa, ninunue kingine.

Jibu: Hakijafa. Anza na upepo. Breki ya kiti mwendo ni chuma kinachobana tairi kwa nje. Tairi likilegea, chuma hakipati cha kubana, hata ukaze nati mpaka iote moto. Bonyeza tairi kwa dole gumba: likizama zaidi ya milimita 5, jaza, kisha ndipo urekebishe breki. Tairi moja likiwa na upepo kidogo kuliko lingine, kiti pia huvutia upande ule laini, kwa hiyo huenda magonjwa yako yote mawili yana dawa moja. Na breki hizi ni za kukishikilia kiti kikiwa kimeshasimama. Usizitumie kupunguza mwendo kwenye kilima, zinachana tairi.

Kama bado kinavuta, laza kiti ubavu uangalie magurudumu madogo ya mbele. Mazingira ya Mwaloni yanawatesa haya: nyuzi za nyavu, nywele na magamba hujizungushia kwenye ekseli, yakishikana na mchanga yanakuwa gumu kama kizibo. Fungua ekseli kwa spana mbili, kata uchafu kwa wembe, zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha. Viti vingi hutumia beringi namba 608, tundu milimita 8 na kipenyo cha nje 22, lakini nenda dukani na ile ya zamani mkononi. Usipake oili chafu ya injini, inanasa mchanga. Jioni futa fremu kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu.

Swali: Kijana wangu aliumia uti wa mgongo, tunampeleka kliniki Bugando kutoka Geita. Kila tukirudi ana alama nyeusi kwenye makalio. Tumemkatia tyubu ya gari akalie.

Jibu: Itoeni hiyo tyubu leo. Duara lile hubana mishipa kuzunguka tundu, damu haifiki katikati, yaani palepale mlipotaka kupalinda.

Kosa jingine liko kwenye basi: kiti mwendo kinafungwa kwenye buti na mto wake wa kukalia unaondoka nacho, kijana anakaa juu ya siti ngumu. Mto uingie naye ndani. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, hakuna tena kushuka kusubiri kivuko, kwa hiyo ile nafasi ya kujinyoosha nayo haipo. Kila baada ya dakika 20 hadi 30 ainame mbele, kifua kikaribie mapaja, akae hivyo dakika 2. Asipoweza, alalie ubavu mmoja, kisha mwingine.

Mkifika, kagueni ngozi. Kwa mtu mweusi msitafute wekundu. Tafuteni palipozidi weusi, pana joto, au pamekuwa pagumu. Hapo asikalie kabisa hadi parudi kawaida, na msipasugue. Ngozi ikichanika, au alama isipofifia baada ya siku moja, nendeni kituo cha afya bila kungoja tarehe ya kliniki.

Swali: Ofisi ninayofuata huduma iko ghorofa ya pili, hakuna lifti. Nimeambiwa nitafute watu wa kunibeba.

Jibu: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inakupa haki ya kuyafikia majengo ya umma. Kubebwa mgongoni si kuyafikia, na ngazini ni hatari kwako na kwa mbebaji. Mwandikie mkuu wa ofisi hiyo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii. Omba mambo mawili uyatenganishe: kwanza, afisa ashuke kukuhudumia chini kuanzia sasa, maana hilo halihitaji bajeti, pili, marekebisho ya jengo yaingizwe kwenye mpango wa mwaka ujao. Ambatisha picha ya ngazi, andika idadi yake na kimo cha moja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujaondoka.