Anaomba chapati kutwa nzima

Pole sana, dada. Mtoto wa miaka 5 mwenye usonji, hataki ila chapati, na dakika 10 baada ya kula anarudi jikoni kudai nyingine: nimeyapitia hayo na wangu.

Kwanza mpeleke kwa daktari wa watoto. Apimwe minyoo, damu na sukari, hasa kama anakunywa maji mno na kukojoa mara kwa mara. Kama anatumia risperidoni, dawa ya kupunguza hasira na fujo ambayo baadhi ya watoto wenye usonji hupewa, mkumbushe daktari. Dawa hiyo huongeza sana hamu ya kula, lakini usiikatishe mwenyewe. Akila udongo au karatasi, litaje pia.

Watoto wetu wengi wenye usonji hawausikii mwili wao vizuri. Njaa, kiu, uchovu, hata kukosa la kufanya, vyote mtoto huviita "chapati". Kumkatalia tu humzidishia wasiwasi. Mimi nilibandika ukutani picha za ratiba ya siku, kwa mpangilio: uji, kucheza, andazi, kuoga, wali. Akija, sisemi "hapana". Namshika kidole, tunagusa picha inayofuata. Wiki ya kwanza alilia mpaka akapaliwa. Ya tatu akawa anaenda ukutani mwenyewe.

Hotpoti ya chapati iondoe machoni pake. Chapati yenyewe usimnyime: mpe nusu, pembeni weka kijiko kimoja cha maharage, wala usimlazimishe kuonja. Wangu alikaa miezi akiyanusa tu. Na bibi na majirani waeleze ratiba, maana biskuti moja ya dirishani huvuruga kazi ya wiki nzima.